Kamera Huwekwa Jichoni

"Kamera huwekwa jichoni," alisema Fokasi, hata ovaroli la kazi hajalivua. "Kitu usichokiweka jichoni si kamera. Ni redio yenye kioo."

Mkewe hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Basi hii redio yangu imepiga picha."

"Imenasa. Kunasa si kupiga. Hata panya hunaswa."

Binti yao, aliyekuwa akipanga sare za shule juu ya kochi, alicheka hadi rundo likamporomoka. Ubishi huo alikuwa ameuzoea. Baba yake alikuwa fundi wa mafriji siku sita za wiki, na siku ya saba akawa mtu mwingine kabisa, mwanachama wa chama cha wapenda picha, mwenye kamera nyeusi nzito aliyoinunua mkononi kwa mtu na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipangusa vumbi isipokuwa yeye. Jina la Fokasi alilipata huko chamani, kwa kuwa kila picha iliyowekwa mbele yake aliianza kwa swali lile lile la ukali wa picha: "Fokasi iko wapi hapa?" Jina likamganda mpaka mtaani, ikawa hata wenye mafriji mabovu wanauliza nyumbani kwa Fokasi ni wapi.

Mkewe alishona sare za shule. Mwaka ule alianza kupiga picha kwa simu, hivi hivi tu, akienda kupeleka sare na kukawia njiani. Alipenda watu walio kazini: fundi rangi juu ya ngazi, wapakuzi wa saruji waliogeuka weupe hadi kope. Binti aliziona akamwambia, "Mama, wewe una jicho." Fokasi naye aliziona. Kwa kuwa alimpenda mkewe, na kwa kuwa hakujua kupenda bila kubishana, akaamua kumfundisha kamera ya kweli.

"Njoo hapa. Shika hivi. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, ndio unaoibeba. Haya, weka jicho la kulia hapo kwenye kitundu. Hilo lingine fumba."

Mkewe akaweka jicho.

"Umeondoa kifuniko?" akauliza.

"Kifuniko gani?"

"Cha lenzi. Naona giza."

Fokasi akaikagua lenzi yake. Ilikuwa wazi, safi, inang'aa. Akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. "Mama watoto! Kifuniko kiko mfukoni mwangu! Unaweka jicho au unaweka paji la uso?"

Binti akacheka. Mwisho mama mwenyewe akacheka, akairudisha kamera na kusema vidude vya namna hiyo vina wenyewe. Akarudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi kwa kupapasa, kama alivyokuwa akifanya siku hizi. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyeshona tangu usichana, nani atamuuliza anatungaje sindano?

Anayetaka kumlaumu Fokasi, aanzie hapo. Ila na yeye ajiulize kwanza kama asingecheka.

*

Chama kilikutana Jumapili mchana katika ukumbi ulio juu ya shule ya udereva, chumba chenye michoro ya makutano ya barabara ukutani na viti vya plastiki visivyolingana. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu mpole ambaye wenzake walimtania kwamba ana lenzi nyingi kuliko wagonjwa. Siku hiyo walikuwa na jambo. Maonyesho ya mwaka yalikaribia, na vijana walidai picha za simu nazo zipokelewe. Wakongwe wakasema zikipokelewa, wao watatundika za kwao sebuleni na kuzitazama na wake zao.

"Simu inajifikiria yenyewe," alisema mama mmoja mwenye duka la dawa. "Inakuchagulia mwanga, inakulainishia sura. Sasa wewe kazi yako nini? Kuichaji?"

"Kwani hiyo yako haina kompyuta ndani?" akamjibu kijana wa bima. "Au kuna mtu amejikunyata humo anapaka rangi?"

Ukumbi ukachangamka. Fokasi alikuwa amekuja na mkewe na binti, na katika kuchangamka huko akasimama kutoa ushahidi wake. Akawasimulia habari ya kifuniko. Alisimulia vizuri, kwa kuigiza, akafumba jicho moja na kusema kwa sauti ya mkewe, "Naona giza!" Watu walishika mbavu. "Shemeji! Shemeji, pole!" wakamwita kutoka pande zote. Pale chamani wote walimwita shemeji. Mkewe alitabasamu na kulainisha gauni lake magotini.

Mwenyekiti akatoa uamuzi wake. Picha zilizoletwa siku hiyo, za simu na za kamera, zingewekwa ukutani kwa projekta bila kutajwa zilipigwa na nani wala kwa kitu gani. Zingechambuliwa kwanza, kisha ndipo kura ipigwe. Kanuni ya uchambuzi ilikuwa ile ile ya siku zote: mwenye picha hasemi neno mpaka wote wamalize.

Ya tatu ilipotokea, watu waliinama mbele kwenye viti vyao. Fundi vioo alikuwa akivuka barabara amekumbatia kioo kikubwa cha kabati, na mahali palipotakiwa kuwa na kifua chake palikuwa na mawingu. Miguu ya mtu, kichwa cha mtu, na katikati anga tupu. Mama wa duka la dawa akasema, "Jamani." Kisha macho ya watu yakahamia upande wa kulia wa picha, na ukumbi ukabadilika.

Fokasi ndiye aliyeanza.

"Kioo ni kizuri, sikatai. Fokasi ipo. Lakini tazameni kulia. Kuna mtoto ameanguka na baiskeli. Yuko chini, miguuni kabisa pa mpiga picha, mdomo wazi, analia, ananyoosha mkono ainuliwe. Tena amekatwa nusu. Na mpiga picha anafanya nini? Anabonyeza! Hii ni ya simu, naweka shingo yangu hapa. Watu wa simu hubonyeza kabla ya kutazama. Mwenye kamera angeishusha, amwinue mtoto kwanza."

"Mimi hata ingekuwa ya kamera nisingeipa kura," akasema mwingine. "Mtu gani huyu? Hana hata huruma."

"Labda hana watoto."

"Anao wa watu wengine wa kupiga picha."

Walicheka kidogo, kicheko cha aibu. Binti ya Fokasi alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Mama yake alikaa wima, amekaza macho ukutani, anasogeza shingo huku na huku kama mtu anayemtafuta mgeni wake kwenye kituo cha basi.

"Haya, tumemaliza," akasema Mwenyekiti. "Mwenye picha, sasa unaruhusiwa."

"Ni yangu," akasema mke wa Fokasi.

Fokasi, ambaye picha hiyo hakuwahi kuonyeshwa, akageuka kwenye kiti chake.

"Nimewasikia wote, na asanteni," akaendelea. "Nina swali moja tu. Mtoto gani?"

Kijana wa bima akapiga makofi. Alidhani shemeji amewapatia, amewajibu kwa dharau ya kistaarabu. Wawili watatu wakafuatia. Naye akasubiri makofi yaishe.

"Si utani. Huyo mtoto mnayemsema, namtafuta tangu mlipoanza. Simwoni."

Fokasi akasimama, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya mtoto. Mawingu ya kioo yakamwangukia mgongoni. "Huyu hapa, mama watoto. Hapa ninaposhika."

"Wewe mwenyewe uko wapi?" akauliza mkewe.

Ndipo alipogeuza kichwa, chote, polepole, kama mtu anayetazama nyuma ya bega lake. Akamwona mumewe kwanza, halafu kidole, halafu mtoto. Alitazama kwa muda. Akaweka kiganja mdomoni.

"Aliumia?" akauliza. "Huyu mtoto, aliumia? Honi zilikuwa nyingi, sikumsikia."

Mwenyekiti akazima projekta, na kura haikupigwa siku ile.

*

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimkalisha mgonjwa mbele ya mashine, akamwambia abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Fokasi alisimama nyuma yao. Aliziona nukta zikitokea na kuzimika, na kidole cha mkewe kimetulia juu ya kitufe, kinasubiri. Kila nukta iliyopita bila kubonyezwa ilimchoma. Nusura amguse bega, amwambie, "Hiyo hapo."

"Ni presha ya macho," daktari alisema baadaye. "Haiumi, ndio ubaya wake. Inakula pembeni kidogo kidogo, na mtu hajui, kwa sababu akili inamjazia pengo kwa kukisia. Jicho la kulia, mama, kwa kweli tumeshalipoteza. La kushoto limebaki na sehemu ndogo, nayo si nzima. Hiyo tutaipigania."

"Kilichokwenda kitarudi kwa muda gani?" Fokasi aliuliza. Alikuwa fundi. Kwake kitu kilichoharibika kilikuwa na muda wa kutengenezwa.

"Hakirudi, baba."

"Kwa dawa?"

"Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Hamkuwa mmeona dalili yoyote nyumbani? Kujigonga milangoni, kumwaga vitu, kulalamika giza?"

Fokasi alifungua mdomo. Alitaka kusema habari ya kifuniko, akaanza, "Kuna siku moja, daktari, nilimpa kamera," sauti ikamkatika hapo. Ikabidi mkewe ammalizie, kwa utaratibu, kama anasimulia ya jirani. Daktari hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia hadithi ile na asicheke.

Nje, kwenye benchi la ukumbi, Fokasi akamgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanikalisha ndani. Sina pengine pa kutembea zaidi ya hiyo njia yangu ya kupelekea sare. Nilijua kuna kitu, baba watoto, ila sikukijua jina. Nikawa nageuza shingo. Nikawa nashika simu mbali, naona vizuri kidogo, nasema mbona naona." Akavuta mkoba wake mapajani. "Ile siku ya kifuniko niliogopa sana. Mlipocheka nikafurahi. Nikasema kumbe ni mimi sijui kushika kamera. Ndiyo maana nilicheka na nyinyi."

Fokasi alilia pale pale, mbele ya watu waliofungwa bandeji machoni, nao kwa kusikia tu wakajua kuna mwanamume analia. Mkewe ndiye aliyempapasa mgongo.

*

Walijaribu walichoambiwa kujaribu. Matone asubuhi na jioni, kisha matone hayakutosha, kisha upasuaji wa kushusha presha. Daktari hakuwaficha kwamba jicho lililofikia hapo huweza kuukataa hata msaada. Presha ilishuka. Bandeji ilipofunguliwa, kile kidogo alichokuwa akiona kilikuwa karibu chote kimekwenda. Kilichobaki ni mwanga na vivuli vya watu, na sura ya mtu pale tu anapokuja karibu kabisa. Kioo cha simu kikawa weupe mtupu.

Cherehani ilifunikwa kitambaa. Kabla ya hapo alikuja mzazi mmoja na shati la mwanawe, mkono mmoja umeshonwa kinyume, akalitandaza mezani na kumwambia binti, mama akiwa amekaa palepale, "Siku hizi mama yako anashona amelala?" Binti alimrudishia pesa zake. Mama alilichukua shati akalifumua mkono ule kwa vidole, uzi baada ya uzi, ingawa yule mzazi alikuwa ameshaondoka.

Kamera ya Fokasi ilikaa kabatini. Jumapili alikuwa nyumbani, anatengeneza vitu vizima.

Halafu chama kikaja. Walikuja wanne, wakavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia, wakaketi wamebanana kwenye kochi. Mwenyekiti alileta matunda. Waliuliza hali, wakasema pole, wakasema Mungu yupo, wakasema pole tena. Kisha Mwenyekiti akakohoa.

"Shemeji, tumekuja na jambo la kukufurahisha. Ile picha yako ya kioo tunaitaka kwenye maonyesho. Tutaitundika peke yake, karibu na mlango, kila anayeingia aione. Na chini tutaweka maelezo mafupi ya, yaani, ya hali yako. Watu watajifunza."

Fokasi akaushika mkono wa Mwenyekiti kwa mikono miwili. "Mmetufanyia jambo kubwa," akasema.

Mkewe alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti ya Mwenyekiti. "Kwa hiyo mmepiga kura? Simu ni kamera?"

"Kwa hali yako, shemeji, hakuna atakayepinga."

"Hali yangu sijaiuliza. Nimeuliza simu."

Wageni wakatazamana. Mama wa duka la dawa akasema kwa upole, "Za wengine tutazijadili mwakani, shemeji. Hii yako ni ya pekee."

"Kumbe." Akatikisa kichwa polepole. "Siku ile simu haikuwa kamera. Mlinichambua mpaka roho yangu, na mimi nikakaa kimya kama kanuni inavyotaka. Iliniuma, lakini nilijua nimekaa na wapiga picha wenzangu. Leo simu imekuwa kamera kwa sababu mimi si mpiga picha tena. Ni mgonjwa wenu."

"Si hivyo, shemeji."

"Ni hivyo. Na yule mtoto mmefanyaje? Mtamwacha pale chini analia, karibu na mlango?"

Mwenyekiti akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba walifikiria kuipunguza picha kidogo upande wa kulia.

"Mnamkata," akasema. "Wakati mimi namwota kila nikilala. Hapana. Asanteni kwa matunda. Picha siitoi."

Waliondoka wakiomba radhi, wakivaa viatu kwa haraka na kuchanganya vya kulia na vya kushoto. Binti aliwasindikiza hadi getini na hakurudi upesi. Alisimama huko nje akifuta macho kwa upindo wa kanga.

*

"Ungekubali tu," Fokasi alisema walipobaki wawili. "Walikuwa na nia nzuri."

"Najua. Ndiyo iliyoniumiza." Akamgeuzia uso. "Wewe ile picha unaionaje? Wewe mwenyewe, si wao."

"Ni nzuri sana."

"Usinionee huruma na wewe."

Fokasi akavuta pumzi. Mchana ulikuwa unaelekea kuisha na dirisha lilikuwa bado jeupe. "Kioo ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kupiga mimi," akasema. "Tena nakuonea wivu. Lakini picha nzima haisimami. Ukimwona mtoto, kioo hakina maana tena. Ningekuwa sijui ni yako, ningesema yale yale."

"Haya," akasema mkewe, na usoni pake, kwa mara ya kwanza tangu bandeji ifunguliwe, palikuwa na kitu kama raha. "Nipe simu yangu. Kaa pale dirishani. Nataka picha yako."

Alimpa simu, akamfungulia kamera, akamwekea kidole chake mahali pa kubonyeza. Akavuta stuli hadi dirishani, akakaa.

"Sikuoni," akasema mkewe.

Akasogeza stuli mbele.

"Bado. Kivuli tu."

Akasogea tena. Akasogea hadi magoti yao yakagusana, akainamisha uso hadi akazisikia pumzi zake. Mkewe akazungusha kichwa taratibu, akitafuta ile sehemu iliyobaki, akaipata. Akatulia.

"Sasa nakuona," akasema. "Hukunyoa."

"Sikunyoa."

Akabonyeza. Fokasi akaichukua simu, akatazama. Ilikuwa shavu, kama ni shavu, doa la kahawia lisilo na mwanzo wala mwisho.

"Imetoka?"

Alikuwa amejiapiza asimdanganye. "Haijatoka. Nimekaribia mno, simu imeshindwa. Inataka nirudi nyuma."

"Basi rudi."

"Nikirudi nyuma hunioni."

Mkewe akaitafuta simu mikononi mwa mumewe, akaipata, akaishika vizuri kwa mikono miwili.

"Rudi tu," akasema. "Simu itakuona."

Fokasi akarudi nyuma na stuli yake hadi dirishani. Mkewe akainyoosha simu mbele yake, akaielekeza kwenye kabati, akaisogeza, ikaelekea ukutani.

"Sema kitu," akamwambia, "nijue uko wapi."

Akatafuta la kusema. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila picha alikaa pale dirishani, mdomo wazi kama yule mtoto, na sauti ikagoma kutoka.